Gogo la Mkulo Juu ya Moto wa Rebeka

Mlipokuja kwangu, vijana, mkaniamkia mmoja mmoja na kukaa kwenye benchi la nje, mliniomba niandike kidogo juu ya kazi ya kuchonga sanamu, ili wanaoanza wapate moyo. Nimejaribu. Kuandika si kazi yangu. Niliishia darasa la nne, na vidole hivi vilizoea tezo kuliko kalamu. Ila lipo jambo nitalisema kwanza, msije mkasema mzee katudanganya: moyo wa kuwapa sina. Nitawapa niliyoyaona.

Nilianza kuchonga kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, nikaacha macho yalipokataa kuona mishipa ya mti. Sanamu nilizotengeneza ni nyingi na sijui ziko wapi. Nyingine ziko katika nyumba za watu wa mbali, nyingine nadhani zilishatupwa. Sizililii. Iko moja tu niliyotaka iwepo duniani, nayo haipo. Ilikuwa iwe sanamu ya mke wangu Rebeka, akipuliza moto. Rebeka hakuwahi kupigwa picha. Alifariki binti yetu Ana akiwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo nikiwaeleza hapa namna ya kukausha mti, mnivumilie nikichanganya na habari za Rebeka, maana kwangu mambo hayo mawili hayajawahi kuachana.

Sanamu ni kitu kizuri. Hilo nalisema bila kusukumwa na mtu. Picha ukiigeuza nyuma unakuta karatasi. Sanamu ukiigeuza nyuma unakuta mgongo. Unaizunguka kama unavyomzunguka mtu aliyesimama sokoni, na kila upande anakuambia jambo jingine: mbele anacheka, ubavuni amechoka. Asiyeona anaweza kuishika akaijua. Mzee Hoza, aliyenifundisha, alikuwa akitufunga macho kwa kitambaa na kutupa sanamu mkononi, tuseme huyo mtu yuko katika hali gani. Siku yangu ya kwanza nilipapasa, nikapapasa, nikasema kwa sauti ya kujiamini, “Huyu amefurahi, mzee. Shavu limejaa.”

“Umeshika kisogo,” akasema. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mzee Hoza alikuwa mtu mwembamba wa kijiji cha juu kidogo ya kwetu, njia ya kwenda Lukozi. Alivaa koti lile lile la sufu mwaka mzima, na alikuwa na tabia ya kuzungumza kama anakugombeza hata anapokusifu. Wanaume wote aliwaita mgosi, mkubwa kwa mdogo. Kwake hukupewa tezo mwaka wa kwanza. Ulipewa magogo uyagonge. Ulikunja kidole, ukagonga, ukasikiliza. Gogo bichi linanyamaza, ni kama kugonga tope. Gogo lililokauka nje tu linakudanganya, linaita upande mmoja na kunyamaza upande wa pili. Lililokauka kweli linaita mwili mzima.

“Mti mbichi ni mtu mwenye hasira,” alituambia. “Leo utamchonga pua, atatulia. Kesho pua itakuwa upande wake na mdomo upande wake. Usiulize gogo litakuwa nini. Uliza limekauka?”

Mti wetu ulikuwa mkulo. Ninyi mnausikia tu, maana mikubwa imebaki ndani ya misitu iliyokatazwa. Una rangi ya asali changa, hausumbui patasi, na ukiupasua unatoa harufu kama ya kafuri, ile wanayowapaka maiti ndugu zetu Waislamu. Harufu hiyo haiishi. Unaweza kuutia moshi miaka, nje ukanuka moshi mtupu, lakini ukiuchana ndani inatoka mpya kama siku ulipoangushwa.

Sasa sikilizeni namna ya kuukausha, maana hili ndilo lililonipa mkate. Huku kwetu ukungu unaingia mpaka kitandani. Ukiliacha gogo nje linaota uyoga, ukilianika kwenye jua kali la kiangazi linapasuka. Kwa hiyo ulilimenya gamba, ukalipasua usiache kiini katikati, kwa sababu kiini ndicho kinachopasua mti kutoka ndani. Ukazipaka ncha zake mavi ya ng'ombe, maji yasitokee huko haraka. Kisha ukalipandisha darini, juu ya jiko la mkeo, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Hapo lilikaa masika na vuli, masika na vuli, mpaka likaita.

Mmeelewa maana yake? Maana yake mchongaji bila mke hakuwa mchongaji. Moto ulikuwa wa mwanamke. Ukiwa mkubwa mno, gogo linapasuka. Ukizimika siku nyingi, linaoza. Yeye ndiye aliyepanda kuligeuza upande wa pili. Watu walisifu mkono wa Mzee Hoza, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimsifu mkewe, aliyemkaushia kila kichwa alichochonga. Mzee mwenyewe alilijua hilo. Alipotaka kuona kama kijana ataweza kazi hii, alikwenda kwanza kumsalimia mkewe na kutazama dari.

Kwetu alikuja siku moja, Rebeka akiwa hana hata mwaka katika nyumba ile. Akatazama juu, akatazama moto, akatoka.

“Mgosi,” akaniambia, “mke ulioa vizuri. Wewe mwenyewe ndiye bado.”

Rebeka hakuyapenda magogo. Hilo nalo niliseme lilivyo. Mwaka mmoja tukavuna mahindi mazuri, ugomvi ukawa wa dari.

“Wewe bwana, mahindi yangu yalale wapi? Kitandani kwako?”

“Sogeza hayo magogo kidogo.”

“Nimesogeza. Yamejaa kama maiti za vita. Mimi nilidhani nimeolewa, kumbe nimeajiriwa kuchoma moshi.”

“Yakiuzwa utapata kitenge.”

“Kitenge nitakiweka wapi? Darini pamejaa.”

Lakini aliyageuza. Nilipokuwa safarini nilijua yanageuzwa. Alikuwa anainama jikoni, anajaza mashavu pumzi, anapuliza polepole, bila kurusha majivu. Wengine hupuliza moto kama wanaugombeza. Yeye alipuliza kama anayempoza mtoto uji. Nilikuwa nikimtazama kwa pembeni na kujifanya natafuta patasi.

Siku moja, baada ya Uhuru, wilaya ilihitaji sanamu ya mkulima mwenye jembe ya kupeleka kwenye maonyesho huko bondeni. Mzee Hoza alikuwa mgonjwa, tukajitwika wenyewe. Gogo tulilipata la haraka, lililokuwa limekauka kwa hewa ya huku juu, tukaligonga, likaita vizuri tu. Tulichonga mkulima mzuri, na shingo yake nilichonga mimi. Tukampakia kwenye lori na nyasi chini yake kama yai. Tulishuka kona zote salama. Tulipofika Mombo, jua lile la Mombo mnalijua, tukashuka kunywa chai. Tukiwa na vikombe mkononi tukasikia mlio kama wa bunduki. Dereva alilala chini. Tukakimbilia lori. Mkulima amepasuka kuanzia utosini hadi kitovuni, jembe bado kashika.

Katibu wa kikundi chetu, mtu wa maneno, akasema, “Basi, ndugu zangu, mtasema amepasuka kwa furaha ya Uhuru.”

Tulicheka kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Kosa lile ni la watu wa milimani. Sisi tunadhani mti ukishakauka kwetu umekauka dunia nzima. Niliporudi, Mzee Hoza hakugomba. Akauliza tu, “Lilikaa dari ya nani?” Nikasema halikukaa dari ya mtu. Akageukia ukutani.

Miaka ya Ujamaa tulijengewa kibanda cha mabati chini kandokando ya barabara, tukawa kikundi rasmi. Sikatai, mwanzo palikuwa na raha. Mlikuwa na wimbo, mlikuwa na chai ya pamoja, Waislamu na Wakristo benchi moja. Shehe mmoja alikuwa akipita na kutuambia, “Ninyi mnachonga watu, siku ya kiyama mtaambiwa muwatie roho.” Mzee Hoza akamjibu, “Shehe, nikishindwa kuwatia roho utanisaidia, wewe ndiye unayesoma.” Wakapeana tumbaku. Kanisani nako tuliwahi kutengeneza Mchungaji Mwema na kondoo begani. Tulipoifunua nguo, bibi mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, “Eeh! Huyu si Shemdoe muuza nyama?” Na kweli alikuwa Shemdoe, tena amebeba mnyama. Mwenzetu aliyeuchonga uso ule alikuwa akimtazama Shemdoe kila siku kwa kutamani nyama. Mkono huchonga kinachokaa machoni.

Halafu wakaja wageni kununua, wakauliza sanamu nyeusi. Walikuwa wameona mpingo wa watu wa kusini, wakadhani sanamu ya Kiafrika lazima iwe nyeusi. Katibu alikusanya kikundi.

“Ndugu zangu, soko linataka nyeusi.”

“Mkulo si mweusi,” akasema Mzee Hoza.

“Tutaufanya mweusi, mzee wangu.”

“Kwa nini?”

“Kwa dawa ya viatu.”

Tulidhani anatania, kumbe alikuwa nayo mfukoni. Tangu hapo tuliipaka rangi ile ya asali dawa ya viatu, tukaisugua kwa kitambaa mpaka ing'ae, na harufu ya mkulo ikafa chini ya harufu ya kiatu. Mama mmoja mgeni alinunua simba, akamkumbatia kwenda kwenye gari, mvua ikamkuta njiani. Alipofika garini, blauzi yake nyeupe ilikuwa imechapwa simba kifuani. Tulicheka siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki. Hatukuwa tumeibiwa kazi yetu, tuliipaka wenyewe.

Na magogo hayakwenda tena darini. Yalirundikwa kibandani, yakachongwa mabichi, maana mgeni akishaondoka mpasuko ni wake. Rebeka alipata nafasi ya mahindi. Dari yetu ikabaki na gogo moja tu.

Gogo hilo nililetewa na Mzee Hoza mwenyewe, begani, katika mvua, alipoacha kuja kibandani. Lilikuwa la mkulo uliosimama kwa baba yake, mnene kuliko kiuno cha mtu. Akaliweka mlangoni, akahema.

“Hili si la wageni,” akasema. “Si la maonyesho. Wala usilipake viatu. Hili chonga kitu kimoja unachokijua.”

Rebeka alikuwa anachambua maharage. Mzee alipoondoka akaniuliza, “Sasa wewe unajua nini?”

Nilikaa na swali hilo misimu mingi. Gogo likawa jeusi kwa masizi kama kuni yoyote, likageuzwa, likageuzwa. Nilidhani nitachonga chifu wa zamani. Nilidhani nitachonga Mzee Hoza na koti lake. Rebeka alipoanza kukohoa na kukonda, ndipo nikajua ninachokijua.

Watu wa hospitali walisema ni kifua. Kama moshi ule ulikuwa na sehemu yake, sijui. Sikuuliza, na wa kumwuliza sasa simjui.

Nililishusha gogo mchana mmoja, nikalisimamisha mbele yake alipokuwa amekaa kwenye kigoda, Ana amelala mapajani. Nikachukua kamba ya mgomba, ile nyembamba iliyokauka, nikampima kama Mzee Hoza alivyotufundisha: kidevu hadi paji, nikafunga fundo, shavu hadi shavu, fundo, jicho hadi sikio, fundo.

“Puliza,” nikamwambia.

“Nipulize nini, na moto unawaka?”

“Puliza tu nione mashavu.”

Akapuliza, akacheka, akakohoa mpaka nikamshika mgongo.

“Usinichonge na mashavu kama maandazi,” akasema alipopata nafasi.

“Nitakuchonga ulivyo.”

“Nilivyo leo, au nilivyokuwa?”

“Ulivyo ukipuliza moto.”

“Basi harakisha, Baba Ana. Pumzi yenyewe haitoshi.” Akamtazama mtoto. “Huyu hatanikumbuka. Mchongee aone.”

Nikatia alama ndogo kwa ncha ya tezo, utosini, kidevuni, na shavu huku na shavu huku. Kisha nikagonga gogo, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya kabla ya kuanza. Juu liliita. Chini, kwenye kitako, likanyamaza kidogo. Nikagonga tena. Nikamwita Mzee Hoza aje, akaja na fimbo yake, akapiga magoti, akaweka sikio.

“Bado kidogo, mgosi,” akasema. “Masika haya yakipita. Ukilichonga leo atapasuka uso, na mtoto atabaki na mama aliyepasuka.”

Hakukosea. Mnisikie vizuri hapo. Kila nilichokijua katika kazi hii kilisema ngoja, na kila kilichosemwa kilikuwa sahihi. Nikalirudisha darini. Rebeka, aliyekuwa hawezi tena kupanda, akanielekeza kutoka chini, “Alama ziangalie ukuta, zisipigwe na moshi mwingi.”

Alifariki masika yale.

Mnajua matanga ya kwetu. Watu hawaitwi, wanakuja. Wanaume walifunga turubai na kukaa kwenye mabenchi, wanawake wakaingia jikoni na uani. Kwaya iliimba. Mvua haikukatika. Kila jirani alikuja na mzigo wake wa kuni kichwani kama ilivyo desturi, na kila mzigo ulikuwa unachuruzika maji. Moshi ukatanda uani mzito, mweupe, wanawake wakawa wanatoka na kuingia wakifuta macho, hata usijue nani analia na nani anafukizwa. Makande ya watu wale wote yalikuwa kwenye masufuria na hayachemki.

Mimi nilikaa karibu na Mzee Hoza. Nilikuwa nimeshika ile kamba ya mgomba mfukoni na kuhesabu mafundo kwa kidole: paji, shavu, sikio. Nilikuwa nikijiambia kwamba masika haya yakipita, sura ninayo, gogo ninalo.

Mara moshi ukaisha. Uani kukasikika moto unanguruma, moto safi, na wanawake wakashangilia kidogo kwa sauti ya matanga. Kisha harufu ikaja.

Mzee Hoza aliinua uso.

“Mgosi.”

“Naam, mzee.”

“Unaisikia?”

“Naisikia.”

Akanishika goti. Nilinyanyuka nusu. Hakuniachia.

“Unakwenda kuwaambia nini?” akasema kwa sauti ya chini, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akizungumza kwa upole. “Watu wamekuja kukuzikia.”

Nikakaa. Nilifikiri labda ni kipande tu. Nilifikiri labda wamekata kitako, alama ziko juu. Mtu hufikiri mambo mengi akiwa amekaa.

Aliyesimamia jiko alikuwa Mama Shabani, jirani yetu wa upande wa chini, Mwislamu, rafiki wa Rebeka wa kusukana nywele. Ndiye aliyemwosha. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa. Alikuja mbele ya wanaume na bakuli la kwanza, kanga kiunoni, macho mekundu, akasimama.

“Baba zangu mtusamehe, chakula kimechelewa. Kuni zote zimelowa. Tumehangaika, tumehangaika, ikabidi nipande darini kwa marehemu. Nikakuta gogo, baba zangu! Kavu, zito, limelazwa vizuri, kama mtu kaliweka akasema mtalikuta. Tumelipasua linanukia kafuri, Wallahi, nikatetemeka. Rebeka huyo. Alijua siku yake itakuwa ya mvua. Kuni za matanga yake kajikaushia mwenyewe, asitutaabishe.”

Wanaume wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, “Huyo alikuwa mwanamke.” Mzee wa kanisa akalichukua neno hilo mpaka kaburini, akalihubiri, watu wakalia kweli kweli.

Mama Shabani akanipa bakuli kwa mikono miwili. “Kula, Baba Ana. Ni mkono wake huu.”

Makande yalikuwa yameiva vizuri. Nilikula. Mzee Hoza naye alikula, akatazama bakuli lake mpaka likaisha.

Jioni nilikwenda uani. Palikuwa na majivu meupe laini, kama ya mkulo yalivyo siku zote.

Ningeweza kumaliza hapo, lakini mtauliza kama nilijaribu tena. Nilijaribu. Mzee Hoza hakuwa na gogo jingine, na mwaka uliofuata hakuwepo na yeye. Mimi nilihamia chini barabarani, katika nyumba ya bati isiyo na dari, moto wenyewe nauwasha nikikumbuka. Nilichukua magogo ya kibandani. Nilifuata mafundo ya kamba ile, kidevu hadi paji, shavu hadi shavu, na vipimo vikatoka sawasawa kila mara. Uso haukutoka. Vipimo vyake, uso wa mtu mwingine. Nilikuwa nimedhani sura inakaa kichwani kama maji kwenye mtungi. Kumbe ilikuwa inakaa pale jikoni, kwenye kule kutazama kwa pembeni, na alipoondoka akaondoka nayo. Siku moja Katibu alinikuta nimeshika kichwa kimojawapo.

“Huyu nani?” akauliza.

“Simjui,” nikasema, na sikumdanganya.

“Mzuri. Mpake.”

Nikampaka dawa ya viatu, akaenda na wageni. Kamba ya mgomba iliendelea kukauka mfukoni, ikawa unga.

Ana alipokua aliniuliza mama yake alikuwaje. Nilimwambia alikuwa mwembamba, mcheshi, anapuliza moto polepole. Nikasikia mwenyewe kwamba hayo ni maneno tu, hayana mgongo. Lakini kwa Mama Shabani alipewa kitu cha kushika. Mama Shabani aliisimulia hadithi ya gogo kwenye kila harusi na kila unyago, kwa Waislamu na kwa Wakristo: binti, uwe kama Rebeka, hata kuni za matanga yake alijikaushia. Mpaka leo wanawake wa upande ule wanaisema, na wengi hawajui Rebeka alikuwa nani. Hiyo ndiyo sanamu yake iliyobaki. Inasimama vizuri, haipasuki hata Mombo, na mimi sikuweka mkono wangu hata mara moja. Mama Shabani alifariki bila kujua. Nilimshukuru kila tulipoonana, na shukrani ile haikuwa ya uongo.

Kwa hiyo, vijana, ushauri wangu ni mdogo. Gogo la kuchonga msiliache lifanane na kuni. Lipakeni chokaa, liandikeni, wafundisheni na majirani. Mti muungoje ukauke, hilo halina mjadala. Lakini mtu msimngoje. Mchongeni kwa mti mbichi, apasuke, angalau mtakuwa na vipande. Sijui kama huo ni ushauri wa fundi. Mzee Hoza angenigombeza.

Wiki iliyopita nilipanda kwa Ana. Ameolewa huko juu, nyumba yao ina dari ya zamani. Nilikaa jikoni, nikaona juu ya moto kuna magogo yamepangwa, meusi kwa masizi, makavu. Nikadhani pengine mumewe ameanza kuchonga.

“Hayo ya nini, mwanangu?”

“Kuni za matanga yangu, baba,” akasema, akicheka kidogo. “Nisije nikawataabisha watu. Kama mama.”

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Moto ulikuwa umefifia, akainama kuupuliza, polepole, mashavu yamejaa. Nikasogea nimtazame vizuri kwa macho haya mabovu, kama fundi anavyotazama, kwanza mbele, kisha ubavuni.

Mashavu ni ya ukoo wangu.